Maua Yalalayo Chini ya Theluji

Katika nchi za kaskazini, kama Uholanzi, Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani, mwaka hugawanyika katika majira manne, na moja katika hayo ni majira ya baridi. Baridi hiyo si kama ile ya asubuhi ya mwezi wa Julai katika milima ya Usambara, ambayo mtu huishinda kwa kuota moto au kujitanda shuka. Maji ya mifereji hugeuka kuwa barafu, ardhi huwa ngumu kama jiwe, miti mingi hupukutisha majani yote, na pengine theluji hufunika mashamba kwa siku nyingi. Mtu apitaye kando ya bustani wakati huo hudhani ya kuwa kila kitu kimekufa. Kumbe, chini ya udongo ule mgumu mna maua maelfu kwa maelfu, nayo yote ni hai. Yamelala tu, yakingoja wakati wake.

Maua hayo ni ya namna nyingi. Kuna tulipu, ambalo ua lake ni kama kikombe; kuna nargisi ya manjano; kuna hiasinti yenye harufu nzuri; kuna krokasi, ambaye ndugu yake mmoja ndiye atupaye zafarani ya kutia katika pilau; na kuna irisi, yenye rangi nyingi kama upinde wa mvua. Mengi yake huchanua tangu mwezi wa Machi hata Mei, wakati baridi inapokwisha na miti kuanza kuchipua. Mtu ayatazamaye katika picha huona uzuri wake tu. Haoni kazi iliyotangulia uzuri huo kwa miezi sita au zaidi. Nayo kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana mkulima hulinda kitu asichoweza kukiona, na adui yake ni hali ya hewa, isiyosikia amri ya mtu.

Kwanza yafaa kujua kitu kinachozikwa udongoni. Tulipu, nargisi na hiasinti hazipandwi kwa mbegu, bali kwa matunguu. Tunguu limefanana sana na kitunguu cha jikoni. Kitunguu kikipasuliwa katikati huonekana matabaka, moja ndani ya jingine. Matabaka hayo ni majani manene yaliyojaa chakula. Basi tunguu ni ghala. Tena, tunguu la tulipu linapopandwa katika mwezi wa Oktoba au Novemba, ua lake dogo limekwisha kuumbika mle ndani, ijapokuwa lingali dogo sana. Kwa hiyo mkulima wa tulipu ni kama mchukuzi aliyekabidhiwa mzigo wa thamani. Mzigo umekwisha kufungwa; kazi yake ni kuufikisha salama.

Kwamba tunguu ni ghala la chakula kweli, Waholanzi walilijua jambo hili kwa uchungu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hata 1945, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, miji ya magharibi ya Uholanzi ilikosa chakula, na watu yapata 20,000 wakafa kwa njaa na baridi. Matunguu ya tulipu yaliyokuwa yamewekwa bila kuuzwa yaligeuzwa kuwa chakula cha watu. Waliyamenya, wakaondoa kiini cha katikati kwa kuwa hudhuru, wakayapika kama viazi. Walakini matunguu ya nargisi hayaliwi kabisa, maana yana sumu.

Asili ya tulipu si Uholanzi. Tulipu za mwituni humea katika milima na nyika za Asia ya kati, mahali penye baridi kali na kiangazi kikavu. Zilistawishwa sana katika bustani za Waturuki kabla ya kufika Ulaya ya magharibi. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea, jina lake Carolus Clusius, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Leiden, akapanda matunguu yake katika bustani ya chuo kikuu, na mwaka uliofuata yakachanua. Baadaye Waholanzi wakayapenda mno hata wengine wakayauza kwa bei ya nyumba, mpaka biashara hiyo ikaanguka ghafula mwezi wa Februari mwaka 1637. Lakini ua lenyewe halikuanguka pamoja na bei. Mpaka leo sehemu kubwa ya matunguu yauzwayo duniani hutoka Uholanzi.

Kwa kuwa asili yake ni nchi ya baridi, tulipu haiogopi baridi, bali huihitaji. Tunguu lake lazima likae katika baridi ya kadiri kwa majuma kumi na mawili hata kumi na sita. Lisipoipata, shina huwa fupi, au ua halitoki kabisa. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akilipanda tunguu la tulipu bila kuliweka kwanza katika jokofu kwa muda huo, hatapata kitu ila majani.

Basi, ikiwa tunguu hupenda baridi, mkulima huogopa nini? Haogopi baridi iliyotulia. Huogopa baridi isiyo na msimamo: leo ardhi imeganda, kesho imeyeyuka, kesho kutwa imeganda tena. Madhara ya jambo hili ni matatu.

Dhara la kwanza ni kuinuliwa. Maji yakigeuka kuwa barafu hutanuka, karibu sehemu moja katika kumi na moja. Mtu akijaza chupa maji mpaka juu, akaifunga na kuiacha katika baridi ya kugandisha, ataikuta imepasuka. Ndivyo yanavyofanya maji yaliyomo udongoni. Tena barafu ikianza kufanyika karibu na uso wa ardhi huvuta maji mengine kutoka chini, ikaongezeka unene, ikauinua udongo pamoja na kila kilichomo. Mchana jua likipata nguvu, barafu huyeyuka na udongo hushuka; lakini mmea haurudi mahali pake, kwa kuwa vipande vya udongo vimekwisha kuanguka chini yake. Usiku wa pili huinuliwa tena kidogo. Baada ya siku nyingi za namna hiyo mizizi hukatika, na mmea uliozikwa hujikuta juu ya ardhi, uchi, mbele ya upepo. Wapandao Mlima Kenya au Kilimanjaro wamepata kuona jambo hili kwa macho: alfajiri, kule juu sana, sindano nyembamba za barafu husimama ardhini zikiwa zimebeba vijiwe na udongo vichwani, na jua likipanda huanguka zote.

Dhara la pili ni kudanganywa. Pengine katika mwezi wa Januari hewa hupata joto kwa siku kadhaa. Mmea hauna kalenda. Husikia joto, ukadhani majira yamegeuka, ukatoa majani. Ndipo baridi hurudi kwa ukali. Pengine mambo hugeuka upesi upande wa pili. Mwezi wa Februari mwaka 2021, dhoruba ya theluji iliipiga Uholanzi tarehe 7, usiku kadhaa baridi ikashuka chini ya nyuzi 10 kupita kiwango cha kuganda. Na kabla majuma mawili hayajatimia, watu wakawa wanaota jua penye joto la nyuzi zaidi ya 15. Mwanadamu hubadili nguo. Mmea hauna nguo ya kubadili.

Dhara la tatu ni kuoza. Theluji ikiyeyuka juu ya ardhi ambayo chini yake bado imeganda, maji hukosa njia ya kupita, yakatuama. Tunguu lililokaa majini kwa muda mrefu huoza. Kwa kweli matunguu mengi husemwa kuwa yameuawa na baridi, kumbe yameuawa na maji.

Dawa ya madhara haya huanza siku ya kupanda. Kanuni ya wakulima ni kwamba tunguu lizikwe kwa kina cha mara tatu ya kimo chake. Hivyo tulipu hushuka yapata inchi 6 hata 8. Chini huko baridi na joto hubadilika polepole, na barafu ya juu haliinui kwa urahisi. Udongo uwe wa kupitisha maji. Ndiyo maana mashamba mashuhuri ya Waholanzi yako kati ya Haarlem na Leiden, nyuma ya vilima vya mchanga vya pwani, mahali ambapo udongo ni wa kichanga na mifereji iliyochimbwa kwa uangalifu huyaweka maji katika kimo kinachotakiwa.

Kisha huja kazi ya kufunika. Hapa wengi hukosea, na kosa lao lafaa kuelezwa kwa mfano wa majirani watatu.

Jirani wa kwanza ni mtu wa haraka. Mara anapokwisha kupanda, ardhi ikiwa ingali na joto, huleta majani makavu mengi akayalundika juu ya kitalu. Moyoni husema, "Sasa maua yangu yamejifunika blanketi." Lakini joto la ardhi hufungiwa ndani, matunguu hayapati baridi yanayoihitaji, mengine huanza kuchipua kabla ya wakati. Mvua hunyesha, majani hushikamana kama karatasi zilizolowa, na chini yake huanza kuoza. Panya nao huona nyumba yenye joto na chakula, wakahamia. Jirani wa pili ni mtu wa kupuuza. Hafuniki kitu, na barafu ikija na kuondoka huyainua matunguu yake aliyoyapanda juu juu. Jirani wa tatu hutayarisha matandazo yake mapema, akayaweka chini ya paa yasilowe, kisha akangoja. Kila asubuhi huenda kuigusa ardhi. Siku aionapo imeshikwa na baridi na kuwa ngumu, hapo ndipo afunikapo.

Mtu asiyejua humwona jirani wa tatu kuwa ni mjinga. Nani afunikaye kitu baada ya baridi kuingia? Lakini matandazo yale si ya kutia joto. Ni ya kuizuia ardhi iliyoganda isiyeyuke kila jua litokapo. Wauza samaki wa pwani walijua jambo hili tangu zamani: hufunika barafu kwa magunia na unga wa mbao, wala hakuna asemaye kwamba wanataka kuipasha moto barafu. Gunia halitoi joto wala baridi. Huzuia tu mabadiliko. Hali kadhalika matandazo ya bustani.

Vifaa vya kufunikia ni vyepesi kupatikana. Waholanzi hutandaza mabua ya ngano juu ya vitalu, nayo huzuia pia upepo usichukue mchanga. Wengine hutumia matawi ya misonobari au majani makavu yaliyokatwakatwa, kwa unene wa inchi 2 hata 4. Sharti ni moja: kifuniko kiwe na nafasi za hewa ndani yake, kwa maana hewa iliyotulia ndiyo ngao yenyewe. Ndiyo sababu theluji, ijapokuwa ni baridi, ni kifuniko bora kuliko vyote; kati ya chembe zake mna hewa nyingi. Mkulima mwenye busara hufurahi aonapo theluji nene, na huhofu usiku wa baridi kali usio na theluji.

Tena ufundi huu haukubuniwa na wanadamu peke yao. Kule juu katika Kilimanjaro na Mlima Kenya, ambako usiku maji huganda na mchana jua huchoma, husimama mimea mikubwa kupita kimo cha mtu, aina ya seneshio. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yakilizunguka shina kama koti zito, yakilikinga na sakitu ya kila usiku. Mtu akiyaondoa majani hayo yaliyokufa, mmea ulio hai huumia.

Irisi ina kanuni zake. Irisi ya bustani ijulikanayo sana, yenye manyoya kama ndevu katika ua lake, haina tunguu. Ina shina nene lilalalo juu ya ardhi, lililofanana kabisa na tangawizi. Shina hilo hupenda kuota jua. Likizikwa chini sana huoza. Kwa hiyo hupandwa mgongo wake ukionekana kidogo, kama mgongo wa kiboko majini, na mizizi yake ikishuka pande mbili. Hupandwa tangu Julai hata Septemba, ili mizizi ipate majuma sita au zaidi ya kushika ardhi kabla haijaganda. Irisi iliyokwisha kukaa mwaka au zaidi haihitaji kufunikwa sana. Ile mpya ndiyo hutandaziwa mabua machache au matawi ya msonobari katika baridi yake ya kwanza. Lakini majani yaliyolowa yasiilalie kamwe.

Kabla ya baridi majani ya irisi hukatwa yakabaki yapata inchi 6, na takataka zote huondolewa. Usafi huu si urembo tu. Katika Marekani kuna nondo ambaye hutaga mayai yake juu ya majani makavu ya irisi wakati wa majani kupukutika. Machipuko yakifika, funza hutoka, akatoboa jani mpaka shinani, na nyuma yake hufuata uozo wenye harufu mbaya. Mwenye kuchoma majani yale huchoma na mayai. Na ikiwa irisi imekwisha kuinuliwa na barafu, haifai kuikandamiza kwa nguvu, maana mizizi iliyobaki itavunjika. Huletewa udongo au mchanga, ukazungushwa taratibu penye mizizi iliyo wazi.

Machipuko yanapokaribia, mkulima hujaribiwa mara ya mwisho. Jua la siku tatu humfanya atamani kuondoa matandazo yote. Mwenye subira huyaondoa kidogo kidogo, akaweka mengine karibu, kwa kuwa baridi huweza kurudi. Akiona majani ya tulipu yametokeza mapema na kuunguzwa ncha na sakitu, hafadhaiki. Ua lingali salama chini. Nargisi zikishikwa na baridi usiku huinamisha vichwa mpaka chini, kama watu waliofiwa, na jua likizigusa huinuka zenyewe. Jani lililoganda haligusi, maana huvunjika kama kioo. Ila vichwa vya maua vikiwa vimekwisha kutoka, na usiku ukawa mweupe, usio na wingu wala upepo, hapo hufunika kwa magunia au ndoo zilizopinduliwa, na asubuhi hufunua.

Hata maua yakiisha, kazi haijaisha. Majani yaliyobaki huonekana machafu na ya kuchukiza, na mtu apendaye bustani safi hutaka kuyakata. Lakini hayo ndiyo yanayojaza ghala upya kwa mwaka unaofuata. Huachwa mpaka yageuke manjano yenyewe, yapata majuma sita. Tunguu lililonyimwa chakula hicho litaikuta baridi ijayo likiwa dhaifu, na hapo hakuna mabua yawezayo kuliokoa.

Siku hizi kazi hii imezidi kutaka akili. Waholanzi wana mashindano makubwa ya kuteleza juu ya barafu, mwendo wa karibu kilomita 200, kupita miji kumi na mmoja ya Friesland. Hufanyika tu barafu ya mifereji ikiwa nene ya kutosha. Tangu mwaka 1909 yamefanyika mara kumi na tano, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1997. Baridi zimepungua nguvu. Lakini kupungua huko hakukumpunguzia mkulima wa maua shida, maana baridi nyepesi ndiyo yenye kugeukageuka. Tarehe aliyofuata babu yake ya kufunika na kufunua haimfai tena. Inambidi atoke nje mwenyewe, aiguse ardhi kwa mkono wake, aamue siku hiyo.

Wala hashindi kila mara. Yuko afanyaye yote kama inavyopasa, akapanda kwa kina, akafunika kwa wakati, na bado usiku mmoja wa mwezi wa Aprili humnyang'anya nusu ya maua. Wakulima wa viazi wa Kinangop, walioamka wakakuta shamba lote limekuwa jeusi kwa sakitu, huelewa jambo hilo bila kuelezwa. Walakini kati ya aliyejitayarisha na asiyejitayarisha bado kuna tofauti. Ua likiungua, aliyelitunza tunguu lake ana ghala chini ya udongo, na mwaka mwingine anao. Asiyelitunza hana ua wala tunguu. Haraka ya jirani wa kwanza na uvivu wa jirani wa pili huonekana kuwa ni vitu viwili mbalimbali, lakini mwezi wa Mei vitalu vyao hulingana: vyote viwili ni vitupu.